Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba uvimbe wa tezi ni limfoma (saratani ya seli za limfu, yaani seli za kinga ya mwili)?

Kokwa: Leo nimemwona mwenzangu wa kazini akijipapasa shingoni, nikakumbuka mtoki wangu ulivyoanza: mgumu kama mpira, hauumi wala hausinyai. Mliopitia haya, mlijuaje?

Mkesha: Mimi nilidhaniwa nina kifua kikuu, kwa kuwa nilikuwa na homa za jioni, nilikonda, na jasho la usiku lilinilazimu kubadili shuka mara mbili. Nilimeza dawa miezi mitatu huku tezi zikiongezeka. Nikachomwa sindano ya kuchota seli, jibu likaja kwamba hakuna saratani, na nyumba nzima ikashukuru. Kisha usiku mmoja nilipolala chali pumzi ilikata. Uso ulikuwa umevimba, mishipa ya shingo imetutumka, na mke wangu aliniegemeza ukutani akanishika hivyo hadi alfajiri. Picha ilionyesha uvimbe katikati ya kifua ukibana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ndipo tezi nzima ikatolewa na kupimwa: limfoma ya Hodgkin. Nilipata mizunguko sita ya dawa za dripu, na huu ni mwaka wa tisa bila ugonjwa.

Sikitu: Jasho hilo nalijua. Pole sana.

Mwanamaabara: Tusiilaumu sindano, kwani huonyesha haraka mahali pa kutazama.

Mkesha: Ilinichelewesha! Katika Hodgkin seli za saratani ni chache mno ndani ya tezi, na sindano huzikosa kwa urahisi. Zaidi ya hayo, aina nyingi hutambuliwa kwa jinsi seli zilivyojipanga, na mpangilio huo hauonekani katika seli zilizochotwa.

Mwanamaabara: Hapo nakubali. Jibu la sindano lisilo na saratani halifungi mjadala ikiwa tezi bado inakua.

Subira: Limfoma yangu ni ya folikula, aina inayokwenda polepole. Nina miaka minne ya kupimwa tu, bila dawa yoyote.

Nyota_ya_asubuhi: Dada, saratani haingojwi! Anza dawa kesho.

Subira: Kwa aina yangu, kuanza dawa kabla ya dalili hakujaonekana kurefusha maisha. Ingekuwa limfoma ya Burkitt, ambayo uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, nisingengoja hata wiki.

Baba_Pacha: Mimi niliandikiwa hatua ya nne nikaanza kugawa mali, kwa sababu nilifikiri ni kama hatua ya nne ya saratani nyingine. Kumbe seli za limfu husafiri mwilini kwa asili, na hatua hiyo kwangu ilimaanisha kwamba ugonjwa umefika kwenye uboho. Aina yangu, ya seli B kubwa (seli B ni kundi moja la seli za limfu), hukua kwa kasi, lakini zaidi ya nusu ya wagonjwa wake hupona. Ulizeni aina kwanza, hatua baadaye.

Sikitu: Mimi ningeuliza vyote siku hiyo hiyo.

Kokwa: Mwenzangu amekubali kwenda hospitali. Nitamwambia aulize kama tezi itatolewa nzima.