Tupeane uzoefu: Walioacha kazi ya mshahara mzuri wakaifuata kazi wanayoipenda kwa kipato kidogo (Tabora na Kigoma)

Mleta mada (Sikonge, Tabora)

Ndugu zangu wa Tabora, Kigoma na kwingineko, naomba tupeane uzoefu wa kweli kuhusu jambo ambalo vijana wengi huniuliza pembeni lakini mara chache hujadiliwa kwa uwazi, yaani kuacha kazi inayolipa vizuri na kwenda kufanya kazi unayoipenda, ukijua wazi kwamba itakulipa kidogo. Sizungumzii aliyepunguzwa kazini wala aliyeacha kwa sababu biashara yake ilikwishamzidi mshahara. Nazungumzia aliyekuwa na nafasi yake, akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe. Naanza na habari yangu.

Nilikuwa bwana shamba wa kampuni inayonunua tumbaku, nikihudumia wakulima wa vyama vya msingi upande wa Urambo na Kaliua. Nilikuwa na pikipiki ya kazi, bima ya afya na mshahara ulioingia kabla mwezi haujaisha. Kazi ilikuwa kusajili wakulima, kugawa pembejeo za mkopo, kukagua vitalu na kufuatilia mabani (majengo ya kukaushia tumbaku) wakati wa kukausha, na kwa kuwa tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa kuni, kila msimu nilipita njia zilezile nikaona msitu umesogea mbali zaidi. Sikuichukia tumbaku, kwa maana imesomesha watoto wengi wa mkoa huu, mimi nikiwamo. Kilichonitoa ni kwamba jioni nilikuwa nikipitia kwa mzee mmoja mrina asali, na muda mfupi niliokaa naye ndio niliokuwa nikiungojea tangu asubuhi. Nikajifunza kwake, nikajifunza pia kwa wataalamu wa Chuo cha Nyuki hapa Tabora, nikatundika mizinga yangu nikiwa bado kazini, na hatimaye nikaandika barua.

Wanaoniuliza utamu wa kazi hii uko wapi, huwajibu hivi. Jua likizama unafungua mzinga, unapuliza moshi kidogo, unangoja nyuki watulie, kisha unainua sega mojamoja na kulitazama. Sega lililofunikwa nta karibu lote limeiva, unalikata. Lililo wazi, ambalo asali yake hudondoka ukilitikisa, unalirudisha, kwa sababu lina maji mengi na litachachuka ndani ya ndoo. Lenye majana, yaani watoto wa nyuki, haliguswi kabisa. Hakuna mtu anayekusimamia, lakini kila uamuzi utaonekana kwenye ndoo na kwenye mzinga msimu unaofuata. Katika miaka yangu ya tumbaku sikuwahi kufanya kazi ambayo macho, mikono na akili yangu vilihitajika vyote kwa pamoja namna hiyo.

Sasa kuhusu fedha. Kipato changu cha mwaka hakifiki nusu ya nilichokuwa nikilipwa. Hata hivyo, upungufu huo tuliuzoea mapema kuliko nilivyotarajia: tulihamia nyumba ya kodi ndogo, nikauza vitu, nikaacha michango ya kujionyesha. Jambo gumu kuzoeleka lilikuwa kukosa tarehe. Mavuno makubwa kwetu huja baada ya mvua za masika kwisha, na mengine madogo huja kuelekea mwisho wa mwaka, ilhali ada, kodi na hospitali haviangalii miti ya miyombo imechanua lini. Kilichonisaidia ni kuelewa kwamba asali iliyoiva na kufungwa vizuri haiharibiki, hivyo siuzi ndoo zote wakati wa mavuno, ambapo kila mrina anauza na bei iko chini. Naweka akiba ya ndoo na kuuza kidogo kidogo kila mwezi, nayo nta naiuza kando. Kwa namna hiyo nimejitengenezea kitu kinachofanana na mshahara.

Karibuni mwendelee. Naomba tuandike na yale yanayouma.

Mshonaji (Ujiji, Kigoma)

Asante kwa mada hii, kaka yangu. Mimi nilikuwa mtunza ghala katika shirika moja la misaada huko Kasulu, tukihudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996. Mshahara ulikuwa mzuri sana kwa viwango vya Kigoma, lakini mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila ilipokaribia Desemba tulianza kuulizana nani atabaki. Watu wanaponiambia kwamba niliacha kazi ya uhakika huwa nawaeleza hali hiyo.

Kushona nilikupenda tangu nikiwa msichana. Mteja analeta kitenge chenye maua makubwa, na ukikikata bila kufikiri, ua linaangukia ubavuni na nguo inaharibika hata kama mshono ni safi. Kwa hiyo nakitandaza mezani na kukizungusha mpaka nione ua litakaa wapi kifuani, ndipo nachukua mkasi. Naweza kutumia muda mrefu kwa hilo tu, na sijawahi kuona muda huo umepotea.

Hilo la tarehe ulilolisema, kwetu linafuata mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Basi wakati wa giza fedha zinazunguka Kibirizi na Ujiji, wateja wanakuja kuchukua nguo zao, na wakati wa mbalamwezi nguo zilizokamilika zinaning'inia ukutani bila mwenyewe kuonekana. Ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, nilielewa kwamba hata mimi, nisiyewahi kushika wavu, ninaishi kwa uvuvi. Miezi ile nilishona sare za shule na mashuka, kazi zisizonifurahisha, na nilizifanya kwa shukrani. Mdogo wangu yeyote anayetaka kufuata kazi anayoipenda ajue kwamba ndani yake kutakuwa na sehemu asiyoipenda, na mara nyingi sehemu hiyo ndiyo itakayolipa kodi ya chumba.

Muuguzi (Nzega, Tabora)

Mimi sikuacha kazi. Mume wangu ndiye aliyeacha. Alikuwa karani wa benki, sasa ni fundi seremala, na vitanda na makabati yake ya mninga mimi mwenyewe nayasifia mbele za watu. Naona niandike kwa sababu katika habari za namna hii sauti ya aliyebaki na mshahara husikika mara chache.

Tulijadiliana kabla hajaandika barua, na nilikubali kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimemwona akirudi nyumbani kila siku amechoka kiasi cha kutosikia mtoto akimwita. Leo anakagua madaftari ya watoto, anapika nikiwa zamu ya usiku, na hata shinikizo la damu limetulia. Hayo siyauzi kwa mshahara wowote. Lakini nilikuwa nimejiandaa kwenda kusoma shahada, na sikwenda, kwa sababu mshahara wangu ndio uliobaki peke yake wenye tarehe. Hakuniomba niache masomo. Hesabu ndiyo iliyoamua. Ndiyo maana nawasihi mnaotaka kuacha kazi mkae na wenzi wenu na muulizane jambo hili kwa jina lake: ni mipango ya nani itakayosubiri, na itasubiri mpaka lini? Sisi tumekubaliana sasa kwamba zamu yangu ya kusoma ikifika, yeye atachukua kazi za jumla za madawati, ambazo hazipendi, mpaka nimalize. Tumeliandika kwenye daftari, na wote wawili tumetia saini.

Mwalimu mstaafu (Tabora mjini)

Dada yangu muuguzi amesema jambo zito. Hapa Tabora vijana hupenda kutoa mfano wa Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Shule ya St. Mary's mjini kwetu na baadaye, mwaka 1955, akaacha ualimu kule Pugu. Naomba tuutumie mfano huo kwa uangalifu. Yeye alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa, naye ualimu aliupenda mpaka watu wakauchukua kuwa jina lake. Hakukimbia kazi iliyomchosha.

Mtangazaji wa zamani (Kasulu, Kigoma)

Yangu ni fupi. Niliacha uhasibu nikaenda kutangaza katika redio ndogo kwa posho, na nilikuwa na furaha isiyo kifani. Mtoto wa pili alipozaliwa nilirudi kwenye uhasibu. Sijutii kwenda na sijutii kurudi, na sikubali kuitwa aliyeshindwa.

Afisa utumishi (Kigoma mjini)

Kwa kuwa wengi watasoma hapa kabla ya kuandika barua zao, naongeza mambo machache ya kisheria kwa walio katika sekta binafsi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wake unaweza kudai muda mrefu zaidi, kwa hiyo usome kwanza. Pili, fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake, na hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu huacha kazi wakitegemea kwamba watalipwa na mfuko wa hifadhi ya jamii kisha watumie fedha hizo kama mtaji. Michango yako haipotei, lakini usiihesabu katika bajeti ya mwaka wa kwanza. Unaweza kuendelea kuchangia NSSF kwa hiari ukiwa mrina asali, fundi cherehani au seremala, nami nashauri ufanye hivyo. Tatu, bima ya afya ya mwajiri hukoma pamoja na ajira, hivyo ulizia utaratibu wa kujiunga wewe mwenyewe na familia yako kabla notisi haijaisha.

Mleta mada

Nashukuru sana, hasa kwa dada wa Nzega. Nimemsomea mke wangu maneno yako na tumeyazungumza mpaka usiku. Kwa vijana walionitumia ujumbe wakiuliza kuhusu nyuki: anzeni mkiwa bado kazini. Mizinga itundikwe kabla ya maua kuanza, na msitegemee kwamba yote itaingiwa na nyuki mwaka huohuo. Wengine walioko Uvinza, Kibondo na Igunga, nafasi bado ipo, endeleeni.