Klabu ya wahadhiri ni ya nani: wanachama peke yao, au na majirani wa chuo?

Mwana wa Mhudumu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Hili naomba tulijadili bila matusi, maana linanigusa. Vyuo vyetu vya umma vina klabu za wahadhiri: baa, jiko, viti chini ya miti. Je, zibaki za wanachama na wageni wao, au geti liwe wazi kwa jirani yeyote anayejiheshimu? Mimi nasema liwe wazi.

Marehemu baba alikuwa mhudumu wa klabu ya namna hiyo miaka 26. Chuo sikitaji. Kilichobaki nyumbani ni daftari lake la mali kauli, jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kushoto jina la mhadhiri, katikati alichokula, kulia sahihi. "Mishikaki 4, ndizi 2, bia 2, mwisho wa mwezi." Pembeni, kwa penseli, baba aliandika ya kwake: huyu hatumii pilipili, huyu kafiwa na mama yake, asidaiwe mpaka arudi, huyu daktari kamkataza chumvi. Kurasa na kurasa za namna hiyo.

Alipostaafu alirudi Jumamosi moja kunywa soda na wenzake wa jikoni. Kijana wa getini akamwomba kadi ya uanachama. Baba hakubishana, akageuza baiskeli, na hakukanyaga tena pale mpaka anafariki. Sasa nasikia klabu hiyo inaandika historia yake. Wenyeviti wote wameorodheshwa. Mpishi hata mmoja hayumo.

Tukumbuke vyuo hivi vilikotoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanzia kilimani. Oktoba 1961 kilianza na kitivo kimoja tu, cha Sheria, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Ukitoka darasani uko Mnazi Mmoja, Kariakoo hiyo hapo. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa ule mfano wake: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine, akila asirudi, ni msaliti. Hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza 393, na mshahara wake mwenyewe akaukata kwa asilimia 20.

Mimi nikisoma mfano ule naona klabu. Chakula kimeliwa pale kila jioni, na kijiji kimesimamishwa getini.

Mzee wa Kitivo

Mwanangu, pole sana kwa alivyotendewa baba yako. Aliyemrudisha alikosa adabu, na kama kanuni ndiyo ilimtuma, basi kanuni ni mbovu. Lakini geti wazi kwa kila mtu sikubaliani nalo, na sababu yangu haina uhusiano na bia.

Nyinyi mmekuta watu wanasema wanachotaka. Sisi tuliona gazeti la wanafunzi, Cheche, likipigwa marufuku mwaka 1970. Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Akivaga, akakamatwa palepale chuoni. Baada ya hapo mtu ukitaka kusema jambo zito ulitazama kwanza nani kakaa meza ya jirani. Klabu ilikuwa kona ambayo kila sura unaijua. Mwalimu kijana alimkosoa profesa wake pale bila kuogopa, na utafiti mwingi ulianzia kwenye ubishi wa namna hiyo. Ukimwaga watu pale utapata baa nyingine tu, na baa Dar hazijapungua. Aprili 1990, wanataaluma walipotoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma, hawakuwa wanacheza. Uhuru unahitaji mahali pa kukaa.

Mama Changanyikeni

Shikamoo mzee. Mnabishania geti ambalo kwa mwenye pesa lilishafunguka. Klabu za siku hizi zinakodishwa kwa harusi, sendofu na kipaimara, muziki mpaka saa nane usiku. Hizo sura za kwenye sendofu nazo mnazijua zote? Mimi kukaa na maprofesa sihitaji. Nataka zabuni ya jiko itangazwe wazi, mama lishe wa mitaani hapa tuombe kama wengine.

Msafiri wa California

Niko Berkeley kimasomo. Huku klabu ya wahadhiri ilipata jengo lake mwaka 1902, kachora Bernard Maybeck, ukumbi wa mbao unaokufanya utembee polepole. Lakini ilikuwa ya wanaume. Mwaka 1919 wanawake wakaanzisha ya kwao, wakiongozwa na Lucy Ward Stebbins, na mwaka 1923 wakahamia jengo lao, mwendo mfupi tu kutoka lile la kwanza. Majengo yote mawili yapo mpaka leo. Hoja ya kona ambayo kila sura unaijua ndiyo hiyohiyo iliyowaacha nje maprofesa wanawake. Mzee aliangalie hilo.

Mwana wa Mhudumu

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa pole. Hoja ya usiri naikubali nusu. Chumba cha mikutano kiwe cha wanachama, kifungwe hata kwa kufuli. Bustani na jiko viwe vya wote. Ila azimio ulilolitaja, jina lake kamili ni la uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Umesoma nusu ya kwanza.

Halafu, mzee, siku mliyokuwa mnatazama meza ya jirani, mhudumu alikuwa amesimama nyuma yenu na sinia. Alisikia yote. Baba alisikia miaka 26, na katika daftari zima hakuna neno hata moja la mlichokuwa mnasema. Kaandika pilipili na chumvi.

Mama Changanyikeni, la zabuni naliunga mkono, naliongeza kwenye mada. Wengine wenye wazee waliofanya kazi kwenye klabu hizi, wapishi, wahudumu, walinzi, leteni majina na miaka hapa. Nitayapeleka mwenyewe kwa hao wanaoandika historia.