Mikono inajaa nikifika nusu ya ukuta, nyinyi mnafanya mazoezi gani?

jiwe_na_chaki
Wasee habari zenu. Niko Nairobi, nimeanza kupanda miamba kama miezi minane hivi, mara mbili kwa wiki ukuta wa ndani na mara moja moja tunaenda kwenye miamba ya Lukenya na marafiki. Shida yangu ni hii: nikianza niko sawa kabisa ila nikifika mita nane tisa hivi vigasha vinajaa, vinakuwa vigumu kama mbao, vidole vinafunguka vyenyewe na huyo nabembea kwa kamba. Na nguvu ninayo jamani, pul-api (kujivuta juu kwa mikono) napiga 15 bila kushuka, halafu kuna dada tunapanda naye hata 3 hawezi na anafika juu akipiga stori. Jumapili nilianguka mara nne pale pale, kushuka chini nikashindwa kufungua chupa ya maji, nikafunguliwa kama mtoto. Mwakani Februari tunataka kujaribu Nelion, kile kilele cha Mlima Kenya. Ninunue hangbodi, ule ubao wa kuning'inia kwa vidole? Niongeze pul-api? Ama nianze kukimbia?

mtu_wa_moshi
Pole mkuu 😂 hiyo ya chupa imenitokea. Pul-api achana nazo kwa sasa, 15 zinatosha sana. Kinachokuangusha ni vidole na miguu, mgongo wako hauna kosa. Siku mukienda tena usipande, kaa chini umtazame huyo dada tu. Nakuhakikishia anaweka ncha ya kiatu mara moja na hairudii tena, mikono imenyooka, ananing'inia kwenye mifupa, akitaka kusogea anasukuma kwa mguu. Wewe bila shaka umekunja viwiko muda wote na kila kishiko unakikaba kama mtu anataka kukunyang'anya. Jaribu hivi, chukua njia rahisi kabisa halafu kila kishiko legeza vidole taratibu mpaka uhisi unakaribia kuteleza, hapo ndo utajua nguvu iliyokuwa inahitajika, aisee ni ndogo mno, mimi nilishangaa. Na pumua! watu wengi wanabana pumzi bila kujua

kano_mbili
Mwenzangu hapo juu kasema kweli lakini naongeza kwa nini mikono inajaa. Ukikaza ngumi sana misuli ya kigasha inabana mishipa yake yenyewe, damu haipiti vizuri, hewa haifiki na uchafu hautoki. Sasa chukulia mwisho wa nguvu zako ni kubeba kilo 25, ukipewa ndoo ya kilo 20 unakufa baada ya hatua kumi, ila mwenye uwezo wa kilo 50 ndoo hiyo hiyo anatembea nayo mtaa mzima. Kwa hiyo nguvu ya vidole na pumzi ya vidole (yaani kushika muda mrefu bila kuchoka) haziachani, ukiongeza ya kwanza ya pili inapata nafuu.

Mimi nilianza na pumzi. Dakika 20 mpaka 30 bila kugusa chini, njia rahisi, unapanda unashuka unaenda pembeni, mikono iwe na joto tu isijae, ikijaa umechagua njia ngumu. Inaboa ajabu, weka muziki. Mara mbili kwa wiki, mwezi na nusu. Baadaye ndo nikaingiza ile ya njia 4 mfululizo, pumzika dakika 4, rudia mara 4, na hiyo siku yake usipange kuandika wala kushika sufuria. Hangbodi ngoja kwanza, hujafika hata mwaka.

kidole_cha_pete
NGOJA KWELI. Mimi sikungoja. Nilikuwa na miezi sita tu, nikapigilia hangbodi juu ya mlango, kila siku asubuhi kabla ya chai, baridi, bila kupasha, vidole nimevikunja kabisa na gumba juu yake. Wiki ya tatu nikiwa ukutani nikasikia "tak!" hadi aliyenishikia kamba akasikia. Ni vile vibanio vinavyoshikilia kano isiachane na mfupa. Miezi mitatu sijagusa mwamba, na nikikamua nguo nilikuwa nalia. Misuli inakua haraka, kano zinachelewa sana, ndo mtego wenyewe, unajiona una nguvu wakati kamba za ndani bado.

Siku ukifika wakati wa hangbodi, ukingo wa milimita 20, vidole nusu kukunjwa, miguu kwenye kiti ipunguze uzito, shika sekunde 7 pumzika 3, mara 6, halafu kaa dakika 3. Seti nne basi. Siku mbili katikati bila kugusa. Na piga pushapu, mabega yetu yamevutika mbele wote kama tuna baridi.

mkilifi
Nyinyi na milimita zenu 😄 babu yangu alikuwa mgema, mnazi asubuhi na jioni, pul-api hajui ni nini. Lakini nikikumbuka alikuwa anafika kwenye kikato kilichochongwa mtini anasimama, uzito wote kwenye nyayo, anashusha mkono mmoja anaukung'uta, kisha mwingine, ndipo aendelee. Hana haraka kabisa. Nanyi pale ukutani naona watu wanakimbilia juu kama wanafukuzwa.

jiwe_na_chaki
Asanteni sana. Jana nimejaribu ile ya kulegeza vidole, nimefika juu ya ile njia iliyonishinda, kwa kamba ya juu (ile iliyofungwa juu tayari) lakini nimefika!! Nikakung'utia mkono mara mbili kama babu wa mkilifi. Sasa Nelion?

mtu_wa_moshi
Hongera mkuu. Nelion ni mita 5188, vishiko vyake ni vikubwa kuliko unavyoviwaza, kitakachokuchosha ni masaa. Unaanza giza, unapanda na begi, hewa ndogo, na bado lazima ushuke kwa kamba hatua baada ya hatua kabla jua halijazama. Kwa hiyo ndiyo, kimbia, ila zaidi tembea milima na mzigo mgongoni. Mukienda kwenye miamba ya Hell's Gate pandeni njia tatu nne ndefu siku moja bila kukaa sana, na mwisho wa siku mkiwa mmechoka hivyo hivyo ndo mfanye mazoezi ya kushuka kwa kamba. Mwenzako mpaka sasa anajua kufunga fundo akiwa na glavu?

jiwe_na_chaki
Hajui. Hata mimi sijui. Leo jioni tunaanza.