Naomba ushauri kuhusu fidla ya kale ya milima ya Appalachia

Ndugu wanachama, mimi ni mpigaji wa fidla katika kikundi cha taarab, na hivi karibuni nimezipata rekodi za Henry Reed, mzee mpigaji wa fidla wa Glen Lyn, Virginia, Marekani, ambaye mtafiti wa muziki wa jadi Alan Jabbour alimrekodi mwaka 1966 na 1967, na ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka wazi kwa umma. Zimenishika moyo kwelikweli.

Kinachonishinda ni mkono wa upinde. Katika muziki huo upinde mara nyingi hugusa nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja ukibeba wimbo na mwingine ukivuma chini yake, lakini kwangu huo wa pili hukwaruza tu. Nafahamu kwamba wapigaji wengi wa huko hupandisha nyuzi mbili nene kwa toni moja, zikawa A, E, A, E badala ya G, D, A, E za kawaida. Je, nianze na mpangilio huo, au nizoeze mkono kwanza?

Vilevile, kwa anayezifahamu rekodi za Tommy Jarrell akipiga fidla pamoja na banjo ya Fred Cockerham, ala ya nyuzi ambayo asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani, naomba anielekeze jinsi ya kuisikiliza fidla inapofuatana nayo.