Kutafuta ruwaza kwenye msimbo wa kurithi: programu au macho?

Nyalenda_Java: Wakuu, nimerithi mfumo wa mikopo wa sacco moja hapa Kisumu. Umeandikwa kwa lugha ya Java tupu, maelezo hakuna hata ukurasa. Nimeupitisha kwenye programu ya kutambua ruwaza za usanifu, yaani mitindo ya kupanga msimbo inayojirudia, zile 23 za kitabu cha Gamma na wenzake cha 1994. Singletoni, yaani klasi (kiolezo cha kuundia vitu kwenye msimbo) zinazoruhusu kitu kimoja tu, imezipata chapuchapu. Kila mfumo wa kurithi uanzie hapo. Kusoma faili moja moja tuwaachie wazee.

Fundi_Milimani: Mzee ndiye mimi. Nimesoma faili moja moja tangu kabla hujajua kuwasha kompyuta, na mifumo yangu inasimama. Chunga ulimi.

Nakuru_58: Mzee tulia kidogo, kuna jambo hapa. Programu nyingi za aina hiyo hutazama umbo tu: klasi ipi imerithi ipi, ipi inaishika ipi. Sasa fungua klasi ya Mkopo. Tuseme ndani mna Hali na KanuniYaRiba, kila moja ni kiolesura (orodha ya kazi tu, bila namna ya kuzifanya) chenye klasi tatu za kuzifanya chini yake. Kwa mchoro ni mapacha. Lakini Ombi, moja ya klasi za Hali, likipita, lenyewe huuhamisha mkopo kwenda Umeidhinishwa, klasi nyingine ya Hali; hiyo ni ruwaza ya Steti. Kanuni ya riba huchaguliwa na karani kutoka nje. Hiyo ni ruwaza ya Strateji. Bila kuuendesha mfumo, au angalau kufuatilia nani anamwita nani, programu itabahatisha.

Nyalenda_Java: Sijasema haikosei, nimesema pa kuanzia. Wa kulaumiwa ni aliyeondoka bila kuandika maelezo. Uvivu mtupu.

Bukhungu_Dev: Uvivu? Mimi niliacha mfumo hivyo hivyo Kakamega, miezi mitatu bila mshahara. Nauli ya kwenda kazini nilikuwa nakopa kwa dada yangu. Njoo uandike maelezo na njaa hiyo, halafu uniite mvivu.

Fundi_Milimani: Pole sana ndugu yangu. Lakini aliyeumia si mwajiri. Ni kijana aliyekuja nyuma yako.

Bukhungu_Dev: Huyo kijana amdai mwajiri pesa ya kuusoma, kando na pesa ya kuurekebisha. Mbona mnanidai mimi?

Nakuru_58: Hapo naungana naye. Kusoma ni kazi, na ilipwe.

Nyalenda_Java: Sawa, neno uvivu nalirudisha. Sasa hiyo bei ya kusoma mnaitaja lini? Mimi nilikubaliana nao kabla sijaufungua msimbo.