Johnson ya babu: nimeweka impela mpya, maji hayapandi

Mjukuu wa Nahodha (Pangani)
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Nina mashine ya boti ya kufunga nyuma, Johnson Sea-Horse ya farasi 10, ya mwaka 1957. Marehemu babu alikuwa akiendea nayo kisiwa cha Maziwe kuvua. Imelala bandani tangu nikiwa shule ya msingi, na mwaka huu nimeapa itarudi majini.

Koili zote mbili zilikuwa zimepasukapasuka kama tope lililokauka, nimeweka mpya pamoja na platini na kondensa, vyote vya kutoa cheche. Cheche sasa ni za bluu, na mashine imewaka mvuto wa tatu. Bibi alisikia mlio akatoka jikoni mbio.

Shida ni maji. Impela ya zamani, yaani gurudumu la raba linalosukuma maji ya kupoza mashine, ilikuwa imepoteza mabawa mawili. Mpya niliagiza Marekani, nikangoja wiki tano. Nimeifunga, nikaitia mashine kwenye pipa, nikasubiri ikojoe, yaani irushe maji nje, kama Yamaha. Hata tone. Dakika mbili tu sailenda hedi (kichwa cha mashine) haishikiki kwa moto, nikazima. Je, impela siyo yake? Nichonge ya Yamaha nijaribu? Oili nachanganya mililita 200 kwa lita 10 za petroli. Pini ya propela nilikuta ni msumari, nimeuacha hapohapo.

Fundi wa Kilindoni
Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuzima mapema. Usichonge kitu.

Kwanza, Johnson za miaka ile hazina tundu la kukojoa. Maji yake hutokea nyuma ya mguu pamoja na moshi, utayaona kama manyunyu. Kwa hiyo kutoona mkojo si ugonjwa. Hedi kuungua ndiyo ugonjwa.

Fungua tena gia boksi. Ndani ya mguu kuna bomba jembamba la shaba linaloshuka kutoka juu. Ncha yake lazima iingie katikati ya raba iliyo juu ya pampu. Unapopandisha gia boksi huoni kitu, bomba linapita pembeni ya raba, boliti zinakaza vizuri, unaamini kazi imekwisha, kumbe pampu inamwaga maji hewani. Mimi limenipata zaidi ya mara moja. Mulika tochi kwa chini, pandisha polepole, mwenzako akuongozee bomba. Paka raba grisi kidogo. Meno ya shafti nayo yapake ubavuni tu, grisi ikijaa juu ya ncha shafti haikai hadi mwisho.

Halafu yale mabawa mawili yako wapi? Kama hukuyaokota, yamo njiani huko juu. Puliza bomba kwa upepo mpaka yatoke. Na unapofunika pampu, zungusha shafti kufuata saa ili mabawa yote yalale upande mmoja.

Msumari utoe leo. Pini ya propela ni laini makusudi, ukigonga mwamba ikatike yenyewe. Msumari haukatiki ovyo, yatakatika meno ya gia, na gia za mashine hiyo utazitafuta mpaka uzeeke.

Dada wa Likoni
Kaka, mimi nauza spea za mashine za boti. Kampuni mama ya Johnson, OMC, ilifilisika mwaka 2000, lakini impela, koili na platini za umri huo bado zinatengenezwa na wengine. Agiza kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha mashine, usiagize kwa kulinganisha macho. Wateja wengi wananiletea picha tu, na impela mbili zinaweza kufanana kwenye picha zikaachana kwenye kipenyo.

Oili yako ni kidogo mno. Unachanganya oili 1 kwa petroli 50, na hiyo ni ya mashine za baadaye. Mashine yako inataka 1 kwa 24, yaani karibu mililita 420 kwa lita 10. Moshi utakuwa mwingi, uache.

Mjukuu wa Nahodha (Pangani)
Fundi, Mungu akuweke. Bomba lilikuwa limepita pembeni, na raba imeachwa alama ya mkwaruzo. Bawa moja lilitoka kwa pampu ya baiskeli, la pili nililivuta kwa waya. Oili nimeongeza. Jana jioni imenguruma kwenye pipa dakika kumi, manyunyu nyuma ya mguu, na kiganja changu kimekaa juu ya hedi bila kuungua. Msumari nimeutoa. Dada, naomba bei ya pini tatu, namba ya modeli nakutumia inboksi.