Kaka yangu alirudi kutoka Somalia, lakini hapati usingizi

Swali: Ndugu zangu, kaka yangu alipigana Somalia na kustaafu jeshini mwaka jana. Tangu hapo hulala na viatu, uso akiuelekeza mlangoni. Juzi aligawa saa yake na redio, akasema hatavihitaji tena. Je, nikimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, sitakuwa nimempa wazo hilo?

Muuguzi: Pole sana, dada. Muulize leo, bila kuzungukazunguka, kwa maana kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulitua. Kugawa vitu avipendavyo ni dalili nzito. Akikiri, msimwache peke yake, ondoeni silaha na dawa nyumbani, kisha mpelekeni hospitali. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Mstaafu: Mimi nilinyamaza kwa aibu, na kwa kuogopa polisi pia, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu jaribio la kujiua kuwa jinai hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha Januari 2025. Mtafutieni askari mwenzake. Mimi nilifunguka kwa mtu aliyelijua vumbi lile.

Muulizaji: Nimemuuliza. Alinyamaza kitambo, akavua viatu, akasema ndiyo. Tuko njiani kwenda hospitali.